Saa ya Mpiga King'ora

Sebuleni kwa kina Dakika palikuwa na saa ya ukutani iliyoheshimiwa kuliko mgeni. Ilikuwa na fremu ya mbao nyekundu, kioo kisicho na hata mkwaruzo mmoja, na chini yake kibao kidogo cha shaba kilichoandikwa: "Miaka thelathini bila kuchelewa." Saa hiyo ilikuwa ya marehemu Babu. Babu alikuwa mpiga king'ora wa kiwanda cha nguo, na kwa miaka yote hiyo mji mzima uliamka, ukala na kurudi nyumbani kwa king'ora chake. Siku aliyostaafu kiwanda kilimzawadia saa ile. Bibi akaitundika mahali ambapo hata mpita njia angeiona, mlango ukiwa wazi. Na Bibi alihakikisha mlango unakuwa wazi.

Dakika halikuwa jina lake la cheti. Kila asubuhi Mama alipomwamsha, jibu lilikuwa lile lile: "Bado dakika mbili, Mama." Baba akambandika jina, likamganda mpaka shuleni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kwa hesabu alikuwa kichwa kwelikweli. Mwalimu wa hesabu akitamka swali, wenzake wangali wanatafuta kalamu, kidole chake kiko juu. Tatizo ni kwamba mara nyingi swali la kwanza lilipotamkwa, Dakika alikuwa bado yuko njiani.

"Mjukuu wa mpiga king'ora huyo, kachelewa tena," muuza mkate wa pale kona alikuwa akimtania, huku anafunga mikate kwenye karatasi. "Babu yako angekuwa hai, king'ora angekupigia sikioni."

"Shikamoo, mzee. Leo nimewahi kidogo," Dakika alijibu akikaza mwendo.

"Marahaba. Hicho kidogo kiko wapi, mbona sikioni?"

Nyumbani nao hawakulala. Mama alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na saa kumi na mbili kamili ilikuwa lazima awe ameshatoka. Siku moja, bila kumwambia mtu, akaisogeza saa ya Babu mbele dakika kumi, ili mtoto akurupuke mapema. Baba naye alikuwa fundi viatu. Yeye, bila kujua ya mkewe, akaongeza dakika kumi na tano. Bibi, ambaye hakujua ya yeyote, alipanda kigodani, akafungua kioo, akausukuma mshale kwa ncha ya mkongojo wake, dakika kumi nyingine. Kila mmoja alijiona ndiye mjanja wa nyumba, na kila mmoja akafunga mdomo.

Wote watatu walisahau wanashughulika na nani. Kila Jumapili jioni Dakika aliazima simu ya Baba, "niangalie kitu kidogo tu," akailinganisha na saa ya ukutani. Mbele dakika thelathini na tano. Basi hesabu hiyo aliiweka kichwani wiki nzima. Asubuhi alichungulia mlangoni, akatoa thelathini na tano, akarudi chini ya blanketi kwa raha zake.

"Nyumbani wananipigia hesabu, na mimi nawapigia hesabu," alimwambia Msumari, rafiki yake wa dawati moja. Msumari alikuwa binti wa seremala, mwembamba, mwenye maneno machache. Hakuwa mwepesi kama Dakika, ila tangu darasa la kwanza hakuna aliyewahi kuona nafasi yake iko tupu.

Msumari alifikiri kidogo. "Sasa kama hesabu unaijua hivyo, mbona bado unachelewa?"

Dakika alicheka, akafungua begi kutafuta kalamu.

Ukweli ni kwamba kuchelewa kulikuwa hakujamuuma. Mwalimu wa hesabu alikuwa na desturi yake: jambo kubwa la siku alilieleza katika dakika kumi za mwanzo, akiliita ufunguo wa somo, kisha muda uliobaki wanafunzi walifanya mazoezi. Dakika aliingia ufunguo ukiwa umeshatumika. Akavuta daftari la Msumari, akapitisha macho, akashika mawili matatu, akaendelea. Alijisifu kwamba yeye anaweza kuingilia dirishani, wenzake wakihangaika na mlango.

Kisha ikaja habari ya mashindano ya hesabu baina ya shule. Kila shule ilitakiwa kupeleka washindani watatu na mmoja wa akiba. Huyo wa akiba alikaa pembeni mpaka swali la mwisho, ambalo lilikuwa lake peke yake. Mwalimu alisoma majina: wavulana wawili wa darasa la saba, Dakika, na Msumari wa akiba.

"Ni Jumatano," Mwalimu alisema. "Gari linaondoka getini saa moja kamili. Siyo saa moja na dakika mbili." Alimtazama Dakika, na darasa zima likaangua kicheko. Dakika naye alicheka, kifua kimemjaa.

Bibi alipoambiwa hakutulia. Alipita nyumba hadi nyumba kwa mkongojo wake kuwajulisha watu kwamba mjukuu wa mpiga king'ora anakwenda kuishindania shule. Mama akazifua sare mara mbili, ya pili bila sababu. Baba alivipiga rangi viatu vya Dakika mpaka akauona uso wake humo.

Jumanne mchana saa ya Babu ikasimama. Betri ilikuwa imekwisha. Baba akanunua nyingine, akashika mshale, akasita. Kesho ni siku kubwa, aliwaza. Leo tuache michezo, mtoto asije akachanganyikiwa. Akatazama simu yake, akaiweka saa sawasawa, bila kuzidisha hata dakika moja. Aliitundika, akarudi kwenye viatu vyake. Hakumwambia mtu, maana angesema nini? Angeanza kwa kukiri.

Jumatano Mama alimwamsha kabla hajatoka. "Dakika, leo ndiyo leo."

"Nimeamka, Mama," alisema, na safari hii alikuwa ameamka kweli. Mama alipotoka, alichungulia saa: kumi na mbili kasoro dakika tano. Akatoa thelathini na tano. Loo, Mama leo ana kiherehere, aliwaza, ananiamsha alfajiri yote hii. Akajifunika.

Baba alikuwa ameshakwenda kupeleka mzigo wa viatu. Bibi alikuwa uani akichemsha chai. Alipoingia kuchukua kikombe aliitazama saa, akaita kwa sauti ya kawaida, "Mjukuu wangu, saa moja kasoro dakika ishirini." Hakuwa na wasiwasi, kwa sababu alivyojua yeye bado alikuwa na zile dakika zake kumi kibindoni.

"Nakuja, Bibi." Dakika alioga taratibu, akavaa taratibu, akanywa chai taratibu. Shule ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Saa ilipoonyesha saa moja na robo, alitoa thelathini na tano, akapata saa moja kasoro dakika ishirini, na akatoka kwa mwendo wa maringo.

Nje kulikuwa na jambo. Jua lilikuwa juu kuliko alivyotarajia. Kinyozi, ambaye kabla ya saa moja huwa bado amefunga, alikuwa ameshamkalisha mteja wa pili. Barabarani hapakuwa na mtoto hata mmoja mwenye sare. Pale kona kikapu cha muuza mkate kilikuwa nusu.

"Wewe bado uko hapa?" muuza mkate aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Leo si ndiyo mnasafiri?"

"Mzee, saa ngapi?"

"Saa moja na dakika ishirini na tano."

Alitoka mbio, begi likimpiga mgongoni na viatu vyake vilivyopigwa rangi vikila vumbi. Alipofika getini alikuta alama za magurudumu tu. Mlinzi alimwona akihema, akashusha pumzi.

"Walikungoja, mwanangu. Mwalimu alisimama hapa hapa, anatazama barabara. Kila mtoto akitokea kule anasema, yule, siyo yule. Mpaka saa moja na dakika kumi. Msumari alitaka kukukimbilia nyumbani, akakatazwa, wasije wakawakosa wawili."

Dakika alikaa chini pale pale, na sare yake iliyofuliwa mara mbili. Alilia.

Gari lilirudi saa tisa alasiri. Shule yao ilikuwa imepita kwenda raundi ya pili kwa alama moja. Msumari alikalia kiti cha Dakika, akajibu vizuri. Lakini ilipofika zamu ya mtu wa akiba, shule yao haikuwa naye, na swali la mwisho likapita hivi hivi, wote wanatazama.

"Liliuliza nini?" Dakika alimuuliza Msumari. Hakuweza kumtazama machoni.

"Saa inakimbia dakika nne kila saa moja. Imewekwa sawa saa mbili asubuhi. Sasa inaonyesha saa nane na dakika ishirini na nne mchana. Saa ya kweli ni ngapi?"

Dakika alianza kutoa. Akatoa hivi, akatoa vile, akapata jibu lenye desimali za ajabu.

"Hutoi," Msumari alisema kwa upole. "Saa ya kweli ikienda dakika sitini, ile inakwenda sitini na nne. Kwa hiyo unagawanya kwanza. Jibu ni saa nane kamili. Mwalimu alilifundisha siku moja uliyochelewa, mwanzo wa kipindi. Ungekuwepo."

Hakulisema kwa kusimanga, na ndiyo maana lilimchoma zaidi. Dakika alikwenda moja kwa moja ofisi ya walimu.

"Mwalimu, naomba radhi. Sina la kujitetea." Alikuwa nalo la kujitetea, tena refu lenye saa ya ukutani ndani yake, lakini aliliacha.

Mwalimu hakugomba. "Sikukasirika, nilisikitika. Mimi huwa najivunia wewe mbele ya walimu wenzangu. Leo sikujua niwaambie nini." Akakunja daftari lake. "Kiti sasa ni cha Msumari. Amekipata kwa kuwepo. Kilichobaki ni nafasi ya akiba. Raundi ya pili ni baada ya wiki tano, na mazoezi ni kila siku ya shule, saa moja kamili asubuhi. Ukikosa siku moja, au ukichelewa siku moja, nampa mwingine. Unaitaka?"

"Naitaka, Mwalimu."

Jioni ile kikao kilikaa sebuleni, chini ya saa. Dakika alieleza yote, hadi ile hesabu yake ya thelathini na tano.

"Thelathini na tano?" Baba alisema. "Mimi niliongeza kumi na tano tu, na jana nilipoweka betri mpya nikaiweka sawa."

"Na mimi kumi," Mama alisema polepole, akamgeukia mumewe. "Kumbe na wewe?"

Wote wawili wakamtazama Bibi. Bibi alikuwa anachunguza dari, kana kwamba kuna buibui.

"Mama?" Baba aliita.

"Mshale ulikuwa mzito," Bibi alisema. "Ikabidi nitumie mkongojo."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, kisha Baba, kisha hata Dakika, huku machozi hayajamkauka. Kicheko kilipopoa Baba alisimama, akaigusa ile fremu nyekundu. "Saa ya Babu tumeifanya mwongo ndani ya nyumba yake. Kuanzia leo haiguswi na mtu. Na wewe, mwanangu, hutaamshwa tena. Sote tunakuamini."

Kuaminiwa ni mzigo, asikwambie mtu. Siku ya kwanza Dakika aliamka mara nne, akihofia kupitiwa. Wiki ile ya kwanza alikwenda mazoezini macho mekundu, akipiga miayo mpaka Msumari naye akaambukizwa. Wiki ya pili mwili ulianza kuzoea. Aligundua kitu ambacho hakukitegemea: ufunguo wa somo ukiusikia kwa mdomo wa Mwalimu mwenyewe, si sawa na kuusoma kwenye daftari la mwenzako. Daftari halikuonyesha Mwalimu alivyokunja uso kwenye sehemu ngumu, wala swali la kipumbavu aliloulizwa na mtu, likawafungua wote.

Wiki ya nne ikaja mvua ya asubuhi, ile inayomfanya kila mtu avute blanketi. Dakika alijifunika karatasi la nailoni, viatu mkononi, akatoka. Mazoezini walikuwa wawili tu, yeye na Msumari. Paa lilikuwa linavuja sehemu mbili karibu karibu, na Mwalimu alikuwa ameshaweka ndoo chini.

"Wengine mvua imewashika," Mwalimu alisema akikunja suruali. "Haya, tuliokuja tusome. Tazameni ndoo. Tone hili peke yake lingeijaza kwa saa tatu. Lile la uvivu, kwa saa sita. Yakidondoka pamoja?"

"Saa nne na nusu," Dakika alisema papo hapo.

"Yaani msaidizi anakuja, na kazi inachelewa zaidi?"

Dakika alijicheka. Walikaa na ile ndoo nusu saa. Tone la kwanza kwa saa moja linajaza theluthi, la pili linajaza sehemu ya sita, jumla ni nusu ndoo. Basi saa mbili inajaa. Kisha Mwalimu akabadilisha, akatoboa ndoo kwa maneno, akaongeza tone la tatu, mpaka kengele ya mstari ikalia. Siku iliyofuata wale wa darasa la saba waliomba waelezwe, Msumari akawapa daftari lake. Dakika alilitazama daftari lile likipita mkono hadi mkono, akaona aibu kidogo na fahari kubwa.

Siku ya raundi ya pili gari lilipoletwa getini lilimkuta Dakika ameshafika, anazungumza na mlinzi. Ilikuwa asubuhi yake ya ishirini na tano. Hakuwa na kiti cha mbele. Ukumbini alikaa pembeni, mikono mapajani, akiwatazama wenzake wakijibu. Msumari alijibu taratibu, bila papara. Kila alipopata, Dakika alipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Ikafika zamu ya watu wa akiba. Shule tano, wanafunzi watano, wakasimama mstari mmoja. Msimamizi akasoma: bomba moja hujaza tangi kwa saa nne, jingine kwa saa kumi na mbili, yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa kwa saa ngapi?

"Nane," alisema wa kwanza, na hakupata.

Dakika hakukimbilia. Aliiona ndoo ile, akaona robo na sehemu ya kumi na mbili zikidondoka pamoja, zikafanya theluthi. "Saa tatu," alisema, na sauti yake ilitoka nzito kuliko alivyoizoea.

"Sahihi."

Wale wavulana wa darasa la saba waliruka. Msumari hakuruka, alifunika uso kwa viganja. Mwalimu wa hesabu aligeukia ukuta, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana. Walishika nafasi ya pili kati ya shule zote, na ile alama ya swali la mwisho ndiyo iliyowatoa nafasi ya tatu.

Jioni nyumba ilijaa majirani. Bibi alimkalisha Dakika pembeni yake, chini ya saa, kama bi harusi.

"Bibi," Dakika alisema, "siku ishirini na tano sijachelewa hata mara moja. Nimefanya kama Babu na saa yake."

Bibi alicheka hadi mabega yakatikisika. "Saa gani? Babu yako hakuwa na saa."

"Si hii hapa?"

"Hii alipewa siku aliyoacha kazi. Miaka thelathini yote hakuwa na saa, si ya mkononi wala ya ukutani. Ya kiwandani alikuwa anaikuta huko huko." Bibi aliutuliza mkongojo magotini. "Nilimuuliza, unawezaje? Akaniambia, najua kuna watu wananisubiri. Mama yuko jikoni anangoja king'ora aamshe watoto. Fundi anangoja aanze kazi. Nikichelewa mimi, wamechelewa wote, na hawatajua kwa nini. Basi alikuwa anafika mapema, anakaa pale, anangoja muda umkute. Sisi humu ndani tulihangaika kuchezea mshale, na wewe ukawa unahangaika na mshale. Mshale haukuwa na shida. Shuleni kuna mwalimu anayekusubiri, kuna mwenzako wa dawati anayekusubiri, na kuna somo ambalo siku hiyo ikipita halirudiwi kwa ajili yako. Mtoto akiyajua hayo atafika kila siku, tena kwa wakati. Wewe umeyajua. Babu yako angekuwa hapa leo angevimba, asingepita mlangoni."

Dakika alimlalia Bibi begani, na Bibi akamwacha, ingawa bega lile lilikuwa na maumivu yake.

Jumatatu asubuhi muuza mkate alikuwa akipanga mikate yake pale kona. Mteja mmoja mgeni alisimama, akajipapasa mifukoni, akauliza kama kuna mtu mwenye saa.

Muuza mkate hakutazama saa. Alimtazama msichana mwenye sare aliyekuwa akija kwa mwendo wa kawaida, begi mgongoni.

"Saa moja kasoro robo," alisema. "Yule ni mjukuu wa mpiga king'ora. Akipita yeye, ndiyo saa moja kasoro robo."